Mafuta yenye manukato na ngozi isiyoyastahimili: mke ana kosa gani?

  

Ndugu msomaji, wiki chache zilizopita, baada ya darasa la alasiri, alitujia mama mmoja wa makamo. Alisubiri mpaka wanafunzi wote walipotawanyika, kisha akafungua mkoba wake akatoa chupa ya mafuta ya kujipaka, nzuri ya kutazama, yenye harufu iliyotufikia hata kabla kifuniko hakijafunguliwa. Akasema, "Sheikh wangu, hii ndiyo inayotaka kuivunja ndoa ya mwanangu."

Binti yake ameolewa miezi minne iliyopita. Kabla ya arusi aliwekwa ndani kama ilivyo ada yetu watu wa pwani, akasuguliwa singo siku saba mfululizo. Siku ya tatu ngozi ilianza kumwasha na vipele vikamtoka shingoni. Somo wake akamwambia ni taka zinatoka, avumilie. Akavumilia. Baada ya fungate mume akamletea mafuta yale, akamtaka ajipake kila usiku, kwa kuwa anapenda harufu yake. Binti alijipaka. Baada ya siku chache mikunjo ya viwiko ikawa myekundu, ikapasuka, ikatoa maji. Alipoacha kujipaka, mume alidhani ni dharau. Mama mkwe akasema mtoto hakufunzwa. Shemeji mmoja naye akatamka neno zito kuliko yote: kwamba wamepewa mke mwenye maradhi ya ngozi yaliyofichwa, na mke mwenye aibu hurudishwa kwao na mahari yakadaiwa.

Binti alipoyasikia hayo akarudia kujipaka, huku akizificha shingo na mikono kwa mtandio hata awapo chumbani. Mama alikuwa na maswali matatu. Je, mwanawe ni mke asi? Je, anaweza kurudishwa kwa aibu? Na tatu, aliloliuliza kwa sauti ya chini: maji ya udhu yanamchoma kama pilipili, afanyeje na Sala?

Hatukumjibu siku ile. Tulimwambia atuachie chupa, naye ampeleke mwanawe kwa daktari wa ngozi, wala si kwa muuza duka la dawa.

Kabla ya kufika kwenye majibu, ni vyema msomaji afahamu kwamba Uislamu haukuja kupiga vita manukato. Ni kinyume chake kabisa. Salman Al-Farisi (R.A.) amepokea kwa Mtume (S.A.W.), katika Hadithi iliyomo ndani ya Sahihi Bukhari, fadhila za mtu anayeoga siku ya Ijumaa, akajitwaharisha kadiri awezavyo, akajipaka mafuta yake au akagusa manukato ya nyumbani kwake, kisha akaenda msikitini bila ya kuwatenganisha watu wawili waliokaa. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba yeye mwenyewe alikuwa akimpaka Mtume (S.A.W.) manukato kabla hajahirimia. Anas bin Malik (R.A.) alikuwa harudishi manukato anayopewa, akieleza kuwa Mtume (S.A.W.) naye alikuwa harudishi.

Hadithi hii ya mwisho ndiyo wengi wanayoishika, na bila shaka mume wa binti yule naye ameisikia. Lakini tuisome pamoja na ile iliyopokewa na Abu Huraira (R.A.) katika Sahihi Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) ametaja sababu ya kutorudisha: kitu hicho ni chepesi kukibeba na harufu yake ni nzuri. Sababu ni wepesi. Mtu anayepewa uturi hatozwi gharama wala hapati uzito, basi kwa nini amvunje moyo mtoaji? Sasa tujiulize: yale mafuta yalikuwa mepesi kwa binti huyu? Kitu kinachompasua mtu ngozi akakosa usingizi usiku kucha si chepesi, hata kama chupa yenyewe inaingia kwenye kiganja.

Na hapa tunakiri jambo letu wenyewe. Sisi ni miongoni mwa watu wenye ngozi ya namna hiyo tangu tukiwa chuoni, tukilala kwenye mikeka na kujikuna mpaka alfajiri. Kwa miaka mingi tulipokea kila uturi na kila mafuta tuliyozawadiwa na wanafunzi waliotoka Hija na Umra, tukajipaka Ijumaa na kusimama juu ya mimbari huku shingo ikiwaka moto chini ya kola ya kanzu. Tuliona kuacha ni kuacha Sunna. Hatukumuuliza mtu.

Kwa hiyo chupa ya mama yule tuliijaribu. Hatukujipaka mwili mzima kama zamani, bali kwa njia ambayo madaktari wa ngozi huielekeza: kipande kidogo tu cha ngozi kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko, kiasi cha sarafu, mara mbili kwa siku, muda wa siku saba hadi kumi, pasipo kupaosha haraka. Mkono wa kulia tulipaka mafuta yale, wa kushoto mafuta ya mgando ya kawaida yasiyotiwa harufu. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili na ya tatu hakuna kitu, tukaanza hata kuyapenda, maana ngozi ililainika na chumba chote kikanukia. Siku ya nne jioni mkono wa kulia ulianza kuwasha. Alfajiri ya siku ya tano palikuwa na wekundu na vipele vidogo vilivyobanana. Tukaosha, tukaacha. Mkono wa kushoto ulikuwa salama salimini.

Jaribio hilo ni la ngozi yetu, wala si ushahidi juu ya ngozi ya mtu mwingine. Lakini lilitufundisha jambo moja ambalo daktari wa binti yule alilithibitisha baadaye. Watu hudhani kitu kikimdhuru mtu kitamdhuru papo hapo, na kisipomdhuru papo hapo basi si chenyewe. Sivyo. Mzio wa ngozi unaotokana na kugusa kitu huchelewa. Mtu ambaye mwili wake umekwisha kukikataa kitu fulani huanza kuona dalili baada ya siku moja hadi tatu, pengine zaidi. Na ambaye ndiyo kwanza anakutana nacho huenda akakitumia kwa wiki nyingi, hata miaka, kabla mwili haujakikataa. Ukishakikataa, aghalabu ni kwa maisha yote. Ndiyo maana hoja ya "mbona mwanzo alikuwa akijipaka" haina nguvu.

Daktari pia hutofautisha mambo mawili. Kuna muwasho wa kawaida unaotokana na ukali wa kitu, ambao unaweza kumpata yeyote ikiwa kitu ni kikali au kimezidi. Na kuna mzio wenyewe, ambapo kinga ya mwili wa mtu mmoja hukichukulia kitu kisicho na neno kwa wengine kuwa ni adui. Mwenye ukurutu yu hatarini kwa yote mawili, kwa kuwa ngozi yake ni kama ukuta uliobanduka lipu: unyevu unatoka upesi na vitu vya nje vinaingia upesi. Zipo hospitali ambako hupimwa kwa kubandikwa mgongoni vibandiko vyenye vitu mbalimbali kwa saa 48, kisha vikabanduliwa na ngozi ikasomwa, na ikasomwa tena baada ya siku mbili hivi. Manukato ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kugunduliwa katika vipimo hivyo duniani.

Wapo watakaosema: hayo ni ya kemikali za viwandani, vitu vyetu vya asili havina madhara. Laiti ingekuwa hivyo! Nchi za Umoja wa Ulaya ziliorodhesha mwaka 2003 vitu 26 vya manukato ambavyo mtengenezaji analazimika kuvitaja kwa majina vikizidi kiwango kidogo, na mwaka 2023 orodha hiyo ikapanuliwa ikazidi vitu 80. Katika orodha ile ya kwanza imo eujenoli, nayo ndiyo roho ya harufu ya karafuu. Zimo linaloli na limonini, zinazopatikana katika mafuta ya maua na maganda ya machungwa, ambazo zikikaa kwenye hewa hubadilika zikawa kali zaidi kwa ngozi. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa mwaka mzima si ile ile uliyoinunua. Katika nyongeza ya mwaka 2023 yameingia mafuta ya asumini, ya waridi, ya msandali na ya langilangi. Msomaji wa Unguja au Mombasa akiitazama orodha hiyo atadhani anasoma vilivyomo ndani ya singo ya bibi yake. Hatusemi singo ni mbaya. Wasichana wengi wamesingwa, wakang'ara, na hawakuona ila kheri. Tunasema somo anayeona ngozi ya mwari inatoka vipele akasema ni taka, huyo amesema asilolijua.

(Na kwa kuwa tumetaja mambo ya arusi, tuiseme na piko. Ile rangi nyeusi ya nywele inayochorewa mikononi badala ya hina ina kemikali inayoweza kumtoa mtu malengelenge na kumwachia alama za maua yale yale kwa muda mrefu. Hina halisi rangi yake ni ya kahawia yenye wekundu. Ama krimu za kujichubua zenye zebaki, huo ni msiba wa peke yake, hatutauingia leo.)

Turudi kwa maswali ya mama.

La kwanza: je, mke huyu ni asi? Hatukatai kwamba mume anayo haki ya kumtaka mkewe ajipambe kwa ajili yake, na mke mwema hulifanya hilo kwa ridhaa. Lakini haki hiyo, kama haki zote, imewekewa mpaka na kanuni aliyoiweka Mtume (S.A.W.), na ambayo Imam Nawawi ameiingiza katika Hadithi zake Arubaini: hakuna kudhuru wala kudhuriana. Sharia iliyomwondolea mgonjwa Saumu ya Ramadhani, iliyo nguzo, haitamlazimisha mgonjwa mafuta ya kunukia, yasiyo nguzo wala wajibu.

Tena tunao mfano wa wazi kuhusu ngozi yenyewe. Hariri ni haramu kwa wanaume wa umma huu. Pamoja na hayo, Anas bin Malik (R.A.) amepokea, katika Hadithi waliyokubaliana Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu Abdurrahman bin Auf na Zubair bin Awwam (R.A.) kuvaa kanzu za hariri kwa sababu ya muwasho uliokuwa ukiwasumbua. Tafakari, ndugu msomaji. Wale ni Maswahaba wawili katika kumi waliobashiriwa Pepo, wapiganaji waliopata majeraha ya mapanga wakanyamaza. Mtume (S.A.W.) hakuwaambia kuwasha si ugonjwa, wala hakuwaambia wavumilie. Ikiwa muwasho ulihalalisha kwao lililo haramu, vipi usimhalalishie mwanamke kuacha lililo mubaha?

Kwa hiyo binti huyu si asi. Bali tunasema zaidi: kurudia kwake kujipaka kwa siri, hali anajua yanamdhuru, ndiko kusikofaa, kwa sababu mwili ni amana, na Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizo (Al-Baqara: 195). Hatumlaumu, maana aliyafanya kwa hofu. Lakini aache.

Na kwa wale wenye kupenda kutaja haki za mume, wafungue vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii waone vilivyopanga. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa miongoni mwa matumizi yanayompasa mume ni vyombo vya usafi, kama kitana, mafuta na kitu cha kuoshea kichwa. Ama wanja, rangi na mapambo si wajibu juu yake, ila akiyataka yeye basi ayanunue yeye. Zingatia mpango huo: mafuta ya kuitunza ngozi yamo katika haki ya mke, na pambo la kumfurahisha mume ni ombi la mume. Katika nyumba ile mambo yamepinduliwa. Mafaqihi wa zamani hawakumlazimisha mume gharama za tabibu, lakini wapo wanazuoni wa zama zetu, akiwemo Sheikh Wahba Az-Zuhaili aliyefariki mwaka 2015, wanaoona kuwa tiba leo imekuwa haja ya lazima kama chakula, hivyo imo katika matumizi yanayompasa mume. Nasi tunaelemea huko.

Swali la pili lilikuwa la kurudishwa. Hapa tunaomba tueleweke vizuri, kwa sababu tumesikia neno hili likitamkwa ovyo kwenye baraza za watu. Aibu zinazotoa hiyari ya kuvunja ndoa zimehesabiwa katika fiqhi ya Shafii, na zile zinazoihusu ngozi ni mbili: ukoma na mbalanga. Nyingine ni wendawazimu, na kasoro za maumbile zinazozuia tendo la ndoa kwa upande wa mke au wa mume. Ukurutu haumo. Mzio haumo. Vipele havimo. Shemeji aliyesema mke arudishwe amefutu bila elimu katika ndoa isiyo yake. Mume akitaka kuacha, talaka ipo mkononi mwake pamoja na dhamana yake yote, na mahari ya mke aliyekwisha kuingiliwa hayarudi hata senti moja. Asijifiche nyuma ya neno aibu.

La tatu ni la udhu. Maji yanapomchoma mtu, asikimbilie tayammamu kabla ya kutazama maji yenyewe. Daktari alimwambia binti asitumie maji ya moto wala sabuni yenye harufu, atumie maji ya uvuguvugu au ya kawaida, ajifute kwa kugandamiza taulo bila ya kusugua, na ajipake mafuta yasiyo na manukato hapo hapo ngozi ikiwa bado na unyevu. Wengi hili huwatosha. Ikiwa kiungo kina vidonda wazi, na daktari mwaminifu akasema maji yatazidisha maradhi au kuchelewesha kupona, basi ataosha palipo pazima na kutayamamu kwa ajili ya palipo pabovu. Tusisahau kisa alichokipokea Jabir (R.A.), kilichomo katika Sunan Abi Dawud, cha mtu aliyejeruhiwa kichwani kisha akapatwa na janaba safarini. Wenzake wakamwambia hawaoni ruhusa kwake naye anayo maji, akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) aliwakemea vikali, akasema wao ndio waliomuua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Je, mafuta ya mgando yanazuia maji ya udhu? Wanazuoni wametofautisha kati ya kitu chenye kiwiliwili kinachokaa juu ya ngozi, kama nta, ambacho lazima kiondolewe, na mafuta yaliyoacha ulaini tu, ambapo maji yanaigusa ngozi na kupita juu yake hata kama hayatulii. Hayo ya pili hayaharibu udhu. Aliyejipaka tabaka nene afute kwanza kwa kitambaa. Na kujipaka mchana wa Ramadhani hakubatilishi Saumu.

Siku ya Ijumaa iliyofuata tulimwita mume. Ni kijana mpole, mwenye kazi yake, na tunakiri tulimtarajia mtu mwingine. Tulimweleza tuliyoyaeleza hapa, tukamkunjulia mkono wetu wa kulia ambao alama zilikuwa bado hazijafutika. Aliutazama muda mrefu. Kisha akasema, "Sheikh, mbona hakuniambia?"

Tulimwuliza: angemwambia lini? Siku mama yako aliposema hakufunzwa, au siku ndugu yako alipotaka arudishwe? Kijana aliinamisha kichwa. Ibn Abbas (R.A.) amepokewa akisema kuwa yeye hupenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama apendavyo mkewe ajipambe kwa ajili yake, akaitegemeza kauli hiyo kwenye Aya inayothibitisha kuwa wanawake wanayo haki mfano wa ile iliyo juu yao (Al-Baqara: 228). Tulimsomea hiyo, tukamwambia kwamba hata uturi anaojipaka yeye shingoni humgusa mkewe, naye autie kwenye nguo.

Walikubaliana hivi. Mafuta ya mwili yatakuwa yasiyotiwa manukato kabisa. Hapa msomaji awe macho: maandishi ya chupani yanayosema bidhaa haina harufu si dhamana, kwa sababu watengenezaji wengine hutia manukato ya kuifunika harufu ya vitu vyenyewe. Atazame orodha ya vilivyomo. Akiona neno "parfum" au "fragrance", aiache. Kila mafuta mapya yatajaribiwa kwanza kwenye mkunjo wa kiwiko. Nguo na chumba vitafukizwa udi kidogo, binti akiwa nje, na kama utamletea kikohozi nao utaachwa. Mume mwenyewe ndiye aliyechukua jukumu la kuzungumza na mama yake. Tulimwachia hilo, si kazi ya mwingine.

Wanakusudia kwenda Umra mwakani, akatuuliza kama mafuta hayo yasiyo na harufu yanafaa katika ihramu. Tukamjibu kwamba aliyehirimia amekatazwa manukato mwilini na nguoni, na anayeyatumia makusudi hali anajua hulazimika fidia: kuchinja mbuzi, au kufunga siku tatu, au kulisha masikini sita. Mafuta yasiyo na manukato yanafaa kupakwa mwilini, lakini kwa madhehebu yetu si kwenye nywele za kichwa wala ndevu, hata yakiwa hayana harufu. Vivyo hivyo mjane aliye katika eda ya miezi minne na siku kumi, ambaye amekatazwa manukato, hazuiliki kuitibu ngozi yake kwa mafuta ya namna hii.

Chupa tulimrudishia yeye.

Wallahu aalam.